Vipimo vyote safi, mtu bado anaumwa

Mdogo wangu alikuwa na bahasha ya kaki aliyoibeba kila alikokwenda kutibiwa. Ndani yake mlikuwa na majibu ya miezi mitano: malaria hakuna, taifodi hakuna, mkojo safi, sukari sawa, presha sawa, picha ya kifua haina tatizo. Zahanati moja hapa Dodoma mjini ilimpa dawa ya malaria mara tatu, ingawa kipimo kilikataa mara zote tatu. Kichwa kilikuwa kinamgonga, mwili umelegea, chakula hakipiti, na ikifika saa tisa usiku yuko macho anahesabu mabati. Alikonda mpaka akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari.

Jioni moja nilimkuta chumbani kwake Nkuhungu, amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Chai ilishapoa, imeweka utando. Kwenye beseni kulikuwa na nguo alizoloweka Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano na maji yalishaanza kunuka. Huyu ni mtu aliyekuwa akipiga pasi hata fulana ya ndani. Nikamwuliza, "Unaumwa wapi hasa?" Akakaa kimya muda mrefu.

"Dada, hata sijui. Si kwamba nina huzuni. Sisikii kitu. Nipo nipo tu."

Jibu hilo tunalijua sote. Salamu zetu ni ndefu: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na majibu yake yameshapangwa tangu enzi za mababu: nzuri, salama, tunamshukuru Mungu. Ukiamkiwa "shikamoo", "mambo" au "mbukwenyi" ya Kigogo, hutegemewi kuanza kueleza kwamba hujalala wiki tatu. Kwa hiyo anayezama hupenyeza ukweli wake katika kaneno kadogo kama hako, nasi tunacheka na kupita. Mdogo wangu alikuwa amenijibu "nipo nipo tu" kwa miezi mitano, na mimi nilikuwa nacheka.

Alichokuwa nacho kinaitwa sonona. Ni ugonjwa unaojulikana, una dalili zake na matibabu yake, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 300 duniani wanao. Lakini neno lenyewe wengi hulisikia redioni tu. Nyumbani tunasema "mawazo", na hapo ndipo mambo yanapoanza kutuchanganya.

"Mawazo" ni neno linalobeba mizigo isiyofanana. Anayedaiwa kodi ana mawazo. Binti aliyeachwa na mchumba ana mawazo. Mzee ambaye hajala vizuri tangu mwezi uliopita na anasema heri angelikwishakufa, naye tunasema ana mawazo. Vijana wanaita stresi, lakini ni kapu lilelile. Na kwa kuwa neno ni moja, ushauri nao umekuwa mmoja: acha mawazo. Kana kwamba mawazo ni sigara.

Naomba tuvitenganishe. Msongo wa mawazo una jambo linaloubana moyo, na jambo likilegea moyo nao unalegea. Ada ya mtoto ikilipwa, usiku huo unalala. Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi. Katikati ya matanga mtu analia, halafu jirani anakumbusha kituko cha marehemu na wote wanacheka, na mfiwa akibembelezwa anakula matonge mawili ya ugali. Uchungu upo, lakini moyo bado unafunguka na kufunga.

Sonona hukaa pale pale hata jambo jema likija. Mwezi wa nne wa ugonjwa wake mdogo wangu alilipwa malimbikizo ya mshahara aliyoyasubiri mwaka mzima. Kabla ya hapo, kila tukikutana alikuwa akizipangia hela hizo: msingi wa nyumba Nzuguni, tofali elfu mbili, tenki la maji. Siku zilipoingia alinitumia ujumbe wa neno moja: "Wameweka." Hakwenda Nzuguni wala hakumpigia mkewe.

Madaktari hutazama dalili tisa. Mbili ndizo nguzo: moyo kuwa mzito au mtupu karibu siku nzima, na kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda. Nyingine ni usingizi kuharibika, ama unakukimbia ama unakuzidi; hamu ya kula au uzito kubadilika; kuchoka bila kazi; mwili kuwa mzito na wa polepole, au kinyume chake, kutotulia; akili kushindwa kushika jambo; kujiona hufai au una hatia; na kufikiria kifo. Zikiwapo walau tano, mojawapo ikiwa nguzo, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na maisha ya mtu yakawa yamevurugika, hapo daktari hufikiria sonona. Kuna dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, nalo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na mtu akifika 10 anahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Linajazwa kwa dakika chache, kwa karatasi na kalamu.

Katika orodha hiyo, karibu nusu ni mambo ya mwili. Ubongo ndio unaosimamia usingizi, njaa, nguvu na hata kiasi cha maumivu tunachosikia, kwa hiyo ukiumwa unavivuruga vyote hivyo. Mtu wa kwetu akifika zahanati hasemi "nimepoteza furaha". Anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mgongo, vidonda vya tumbo, mwili hauna nguvu. Hafichi kitu, ndivyo anavyousikia ugonjwa wake. Mhudumu asipouliza zaidi anaandika dawa ya maumivu, na mgonjwa anarudi baada ya wiki mbili na bahasha nene zaidi.

Hata hivyo vipimo si bure. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kisukari, virusi vya UKIMWI na kiharusi, pamoja na baadhi ya dawa, vinaweza kuleta sonona au kufanana nayo, na ni haki ya mgonjwa kupimwa. Kosa ni kusimama hapo, vipimo vikiwa safi mtu akaambiwa, "Huna ugonjwa wewe, nenda kapumzike." Kauli hiyo ilimfanya mdogo wangu aamini kuwa ni mvivu. Alianza kusema mwenyewe: "Labda ni uvivu tu, dada."

Inatoka wapi? Zamani ilielezwa kirahisi kuwa ni upungufu wa kemikali moja ya ubongo, serotonini. Watafiti wa leo wanaona maelezo hayo ni mafupi mno. Kuna sehemu ya kurithi. Tafiti za mapacha zinaiweka kwenye theluthi moja hivi. Kuna mambo ya utotoni, kama kufiwa na mzazi au kupigwa na kudhalilishwa. Kuna maradhi ya muda mrefu, upweke, deni lisiloisha, ndoa ya vipigo. Mara nyingi vinarundikana, na siku mtu anapoanguka hata yeye hawezi kutaja sababu moja. Ndiyo maana swali la "sasa wewe umekosa nini?" humwumiza. Hana jibu, na kukosa jibu kunamzidishia hatia.

Hapa Dodoma kuna mizigo yenye sura yake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 500 na kidogo hadi 600 kwa mwaka. Mkulima wa Bahi au Chamwino anazika mtama, uwele au alizeti yake ardhini, halafu anatazama juu. Mvua ikikatika Februari, mwaka umekwenda, na mbegu ilikuwa ya mkopo. Umaskini peke yake hauleti sonona. Nimewajua watu wasio na kitu wenye moyo mwepesi. Kinachochosha akili ni kukaa miaka na jambo linaloamua maisha yako ambalo huna mkono juu yake.

Mzigo wa pili ni mpya. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo baada ya mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Maelfu ya watumishi walikuja, na wengi waliacha familia Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto na kazi ya mwenza. Treni ya mwendokasi ilipoanza safari zake mwaka 2024 ilipunguza umbali kwa wanaomudu kwenda kila wiki. Wengine hubaki. Ijumaa jioni ofisi inafungwa, mtu anapanda daladala kutoka Mtumba, ananunua chipsi, anajifungia mpaka Jumatatu. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Wifi yangu alikuwa akipiga simu kila usiku, watoto wanasema "baba shikamoo", anaitika, simu inakatwa, na ukimya wa chumba unarudi palepale. Mimi naishi jiji hilihili, na nilimwona mara moja kwa mwezi.

Kwa akina baba sonona mara nyingi huvaa nguo za hasira na pombe. Glasi mbili za mvinyo au bia za kutafutia usingizi humlaza mtu haraka, lakini pombe ikiisha mwilini usiku wa manane usingizi hukatika, na kesho yake moyo ni mzito zaidi. Mke anaona mlevi, bosi anaona mtoro. Kwa wanawake ugonjwa huu umeenea zaidi, karibu mara moja na nusu ya wanaume, na zaidi ya mmoja kati ya kumi hupatwa nao akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Mzazi anayeangalia ukuta huku mtoto analia huambiwa hana shukrani. Ndani ya wiki mbili za kwanza machozi ya hapa na pale ni kawaida na hupita. Yakizidi hapo, au akisema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nifike Mirembe, maana hakuna mtu wa Dodoma anayeweza kuzungumzia jambo hili akairuka. Hospitali hii ya taifa ya afya ya akili ipo hapa tangu mwaka 1927, na inayo pia Isanga, sehemu ya wale wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima. Watoto wanarushiana: "Wewe wa Mirembe!" Mtu akigombana kwenye daladala anaambiwa ashushwe Mirembe. Kwa hiyo nilipomwambia mdogo wangu tukaonane na daktari wa akili, uso ulimbadilika. "Mimi sijawa kichaa, dada. Ofisini wakisikia nimekwisha."

Wengi hawajui kuwa sehemu kubwa ya watu wenye sonona hawalazwi kabisa. Kuna kliniki ya wagonjwa wa nje. Unafika, unasubiri kwenye benchi, unaingia, unazungumza, unatoka. Huduma ya afya ya akili ipo pia katika hospitali nyingine za hapa, ikiwamo ya Benjamin Mkapa. Benchi tulilokalia lilikuwa na mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari, mama wa makamo na mwanawe wa chuo, na askari aliyevaa kiraia. Daktari hakuifungua ile bahasha. Alimwuliza, "Mara ya mwisho ulifurahia nini?" Mdogo wangu alifikiri, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile, nami nikatoka nje nikalie kwangu.

Matibabu yana miguu miwili. Mguu mmoja ni dawa, kama fluoksetini au amitriptilini, na juu yake kuna uvumi mwingi. Hazimfanyi mtu zezeta zikipangwa vizuri, wala hazileti uteja. Lakini hazifanyi kazi kama Panadol. Zinahitaji wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha nguvu, na maudhi madogo kama kinywa kukauka au kichefuchefu huja kabla ya nafuu. Hapo ndipo wengi huzitupa. Ukipona unaendelea nazo walau miezi sita, na unaziacha kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Sonona nyepesi mara nyingi haihitaji kidonge.

Mguu wa pili ni mazungumzo, na kwa huo hatuna sababu ya kujiona maskini. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006 alianza kuwafundisha bibi wa mtaani, wanajamii wa kawaida wanaofanya kazi na zahanati, kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao chini ya mti. Wao hawasemi sonona. Wanasema kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Unaona ndugu yake "mawazo"? Bibi humsikiliza mtu mpaka ataje matatizo yake, wanachagua moja tu, wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hii, na wiki ijayo wanaangalia imefika wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 wa Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi walikuwa kama 14 kwa kila 100. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Mti tunao, bibi tunao, na Zanzibar wameshajaribu mfano huo.

Hatua ndogo ina maana kubwa kuliko inavyosikika. Mgonjwa hungoja hamu ije ndipo aamke, na sonona ndiyo hasa iliyoiba hamu. Hivyo mwili hutangulizwa: kuoga kabla ya saa mbili, kutembea mpaka dukani na kurudi, kuota jua la asubuhi. Mshauri alimpa mdogo wangu kazi ya kufua shati moja. Moja tu, si beseni zima. Alinipigia simu kuniambia ameshalianika, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetua gunia la mahindi.

Maombi? Tuliomba, na bado tunaomba. Mchungaji wetu alikuwa wa kwanza kusema nendeni pia hospitali, na ningetamani kila kiongozi wa dini aseme hivyo, kwa sababu watu wengi huanzia kwao. Niliumia zaidi na wale waliosema amerogwa na wafanyakazi wenzake. Walimwongezea hofu mtu ambaye tayari alikuwa haamini kivuli chake.

Ukiwa na mtu wako katika hali hii, punguza maneno. "Jikaze", "mwanaume halii", "wenzako wana shida kuliko wewe" yanamfundisha kunyamaza. Kaa naye. Osha vile vyombo. Mpikie mlenda na ugali laini, ale anachoweza. Mwambie, "Naona hauko sawa, na niko hapa." Kisha, ikibidi, uliza swali lile gumu kwa maneno yaliyonyooka: "Umefikia kuwaza kujiua?" Tunaogopa kuwa tutampandikizia wazo, lakini tafiti zinaonyesha kuuliza hakupandikizi, humpa mtu mahali pa kulitua. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali, na dawa za kunyunyizia mazao au mifugo ziondolewe nyumbani zikafungiwe kwa jirani. Mawazo hayo hupanda na kushuka, na kuwa mbali na sumu katika saa ile mbaya huokoa maisha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa kimewafanya wengi wafiche, na kwa maoni yangu mgonjwa anahitaji muuguzi kuliko polisi. Kwa mtoto anayeteseka, namba 116 hupigwa bila malipo.

Niliuliza swali hilo nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Mdogo wangu alisema, "Ndiyo. Mara mbili." Alilala kwangu wiki sita.

Sonona ikishakupata mara moja, inaweza kurudi. Karibu nusu ya waliopona hupatwa tena. Kwa hiyo tulikaa naye tukaandika dalili zake za mwanzo nyuma ya ile bahasha ya kaki: simu kuita bila kupokelewa, nguo kulala kwenye maji, chai kupoa. Mke wake ana nakala, mimi ninayo. Februari iliyopita nilimpigia mara nne asubuhi moja bila majibu. Nikachukua bodaboda mpaka Nkuhungu, nikagonga. Alifungua mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniambia kabla sijauliza: "Imeanza kurudi, dada. Juzi nimeshamwona daktari."